Risala kwa Sitti Lamis, Aliyelia kwa Vitunguu Vyetu

Mgeni rasmi, Sitti Lamis Kinawi;
Omda, mkuu wa kijiji chetu, na wazee wa kijiji;
Ndugu wapiga picha, mliosimama mbele ya akina mama walioketi;
Mabibi na mabwana,

Assalamu alaykum.

KARIBU

Sisi wanawake wachambua vitunguu wa Kafr Sawaki tuna furaha kukupokea leo, siku ya kufungua chumba hiki cha akina mama kilichopakwa rangi jana na ambacho bado kinanuka. Tunasema karibu tena, ingawa mara ya kwanza hukukaribishwa, uliletwa. Mlikuja na magari marefu wakati wa baridi kupiga tamthilia ya "Mlango wa Badriya", wewe ukiwa Badriya. Tukaambiwa tufunge kuku. Tukaambiwa tuanue nguo kwenye kamba, kwa kuwa rangi zake hazifanani na umaskini. Tukaanua.

Hatuyasemi haya kwa ubaya. Tunayasema kwa sababu tunayakumbuka, na katika kijiji hiki kazi ya kukumbuka tumeachiwa sisi.

Omda aliomba kuiona risala kabla haijasomwa. Tulimpa. Alisoma ukurasa huu wa makaribisho, akaupenda, akasema inatosha. Tunamshukuru kwa imani yake.

Mgeni rasmi, tulipokutana kuandika tulibishana kama tuanze na shukrani au na wivu. Mama Hasani, ambaye ndiye anayekusomea sasa, alisema, "Anzeni na shukrani. Wivu utajileta wenyewe, haungoji kuitwa."

Basi asante. Asante sana. Tumeshashukuru.

TULIKOTOKA

Kikundi chetu kilizaliwa juu ya turubai, kwenye uwanja wa kiwanda cha kukaushia vitunguu, mahali ambapo mwanamke anaweza kulia asubuhi hadi jioni na msimamizi asiulize kwa nini. Hapo ndipo tulipojuana. Ukikaa na mtu kwenye turubai moja unaishia kujua machozi yake yapi ni ya kitunguu na yapi ya nyumbani. Wengi wetu tuliolewa kabla magego hayajamaliza kuota. Hatukuwa na habari kwamba hilo ni jambo la kusimulia. Tulidhani ni kama surua, kila mtoto ataipata.

Mwenzetu mmoja ni Insaf, yule pale mstari wa tatu mwenye mtandio wa kijani. Yeye mwenyewe ametupa ruhusa. Tulimuuliza mara nyingi, tukamwambia, "Insaf, fikiria, mumeo atakuwepo." Alijibu, "Someni. Nimeshazoea maisha yangu kusemwa na vinywa vya watu. Leo angalau nitakijua kinywa."

Insaf alikuwa na miaka kumi na minne. Shangazi yake alimfuata shuleni, akasimama langoni na kitambaa kipya mkononi, akamwita, "Njoo mwanangu, kuna wageni." Insaf alifurahi, wageni maana yake nyama. Wageni walikuwa jamaa za Abdultawabu, mwenye mkahawa, aliyemzidi umri mara mbili na zaidi. Usiku wa harusi walimtafuta bibi harusi nyumba nzima wasimwone. Alikuwa kwenye mnara wa njiwa, amejikunja, manyoya yamemjaa kichwani. Walimteremsha kwa ngazi, wanawake wakipiga vigelegele ili kilio kisisikike. Baadhi yetu tulikuwa miongoni mwa waliopiga. Tulipiga kwa nguvu.

Mgeni rasmi, hicho kisa cha mnara wa njiwa unakijua. Ulikiigiza. Magazeti ya Kairo yakasifu sana ubunifu wa mwandishi.

Mwandishi yule alikuja kabla yenu. Bibi mpole, sauti ya chini, viatu vya kutembelea matope. Alikaa na Insaf siku kadhaa, akala mkate wa fatiri na jibini, akauliza, akalia, akaandika. Insaf hakuwahi kuulizwa na mtu yeyote jambo lolote ila chumvi iko wapi. Akasema yote. Mtu humwambia mgeni yale asiyomwambia jirani, kwa kuwa mgeni ataondoka nayo. Huyu aliondoka nayo kweli.

Kuna jambo jingine la historia ambalo hukuambiwa, au uliambiwa ukasahau. Mlipokuwa mnapiga picha, Abdultawabu alimpiga Insaf ngumi ya jicho kwa sababu chai ya wageni wa Kairo ilichelewa kufika. Kesho yake yule dada wenu wa vipodozi alimwona kisimani, akamshika kidevu, akamgeuzia kwenye mwanga. Insaf alidhani anapewa pole. Dada alisema, "Hebu tulia hivyo hivyo," akaitazama ile rangi, akaenda akakupaka wewe. Mkawa mapacha siku nzima, wewe na yeye, jicho kwa jicho. Jioni ulikaa kwenye kiti, dada akachukua pamba na mafuta, akakufuta taratibu, akikuuliza kama inauma.

Insaf aliyaona hayo akiwa mlangoni na sinia la bilauri. Alitusimulia kesho yake kwenye turubai. Hakuzungumzia jicho lake hata kidogo. Alizungumzia ile pamba. "Wallahi," alisema, "amemfuta kama anavyofutwa mtoto aliyekula asali."

MAFANIKIO

Mafanikio ni mengi.

Kwanza, tamthilia ilionyeshwa Ramadhani nzima baada ya futari, na mitaa ya nchi hii ikawa mitupu kama wakati wa mpira. Ulipata tuzo. Ulisimama na gauni la fedha ukasema, "Tuzo hii si yangu, ni ya kila Badriya wa kijijini." Tulishangilia. Mama Hasani alifagia hata mlango wake siku hiyo. Mpaka leo haijafika, lakini njia ya kwetu ni mbovu.

Pili, vitunguu. Siku ile ya kaburini machozi yalipokataa, mwongozaji alipiga kelele akatuma mtu kiwandani. Tulimchagulia wenyewe, vyekundu, vidogo, vikali. Ulilia vizuri sana. Watu walisema, "Hakuna mwigizaji aliyewahi kulia hivi." Na sisi tuliolia hivyo hivyo, kwa vitunguu hivyo hivyo, tangu tukiwa wasichana, hakuna aliyewahi kutusifia kilio.

Tatu, mlihitaji wanawake wa kijiji wa kukaa matangani. Tulijipanga tangu alfajiri. Kijana wenu alitutazama akasema hatuna sura za kijijini, akaleta wanawake wa mjini kwa basi, akawavika majuba mapya meusi, akayapaka vumbi kwa ufagio. Hilo si fanikio, lakini tumeliweka hapa kwa kuwa hatukupata mahali pengine pa kuliweka.

Fanikio kubwa kuliko yote ni Abdultawabu.

Abdultawabu, keti. Chai yako tumeinywa na ni nzuri, na viti hivi ni vyako, tunajua. Keti.

Mgeni rasmi, ukitaka kujua umefanya nini katika nchi hii, mtazame yule bwana mstari wa mbele. Mwezi mzima mkahawa wake ulijaa. Aliweka televisheni juu ya jokofu, akakataza dhumna wakati wa Badriya. Mtu akikohoa anafukuzwa. Insaf alikuwa nyuma anaosha bilauri, anatazama kupitia kitundu cha kupitishia chai.

"Insaf! Mkaa!" mumewe anaita. Halafu papo hapo, "Nyamazeni! Badriya anasema!"

Badriya alipopigwa kofi la kwanza, Abdultawabu aliinuka. "Ewe mbwa!" alimwambia yule mume wa kwenye televisheni. "Mtoto wa watu huyo! Huna mama wewe?"

"Taratibu, bosi, utapasuka mshipa," walimwambia.

"Niacheni! Ningemkamata huyu ningemfundisha adabu. Mwanamume anayempiga mwanamke si mwanamume." Akatoa leso, akafuta macho, na mkahawa mzima ukafuta macho, wanaume wazima na masharubu yao. Kisha akageuka. "Insaf, we kiziwi? Nimesema mkaa!"

Kiziwi ni kweli. Sikio la kushoto, tangu kofi la wakati wa mtoto wa pili. Na Badriya akawa kiziwi sikio hilo hilo, kipindi cha katikati ya mwezi, na Abdultawabu hakula daku usiku ule kwa majonzi.

Wahenga walisema nyani haoni kundule. Sisi tulidhani ni methali ya kuchekesha watoto.

Insaf alisimama kwenye kitundu kile mwezi mzima akimngoja mumewe ageuke, amtazame, ajue. Kila jioni alijiambia leo atajua: leo ni mnara wa njiwa, atajua, leo ni sikio, atajua. Aligeuka kweli, akaagiza sukari. Ndipo ikamwingia chuki ambayo alituomba tusiifiche: alikuchukia wewe, Sitti Lamis, si mumewe. Alikuonea wivu kama mke mwenza. Mumewe alikuwa na huruma kumbe. Ilikuwepo miaka yote hiyo, nyingi, ya kutosha kijiji. Alikuwa amekuwekea wewe.

CHANGAMOTO

Tunakuja kwenye changamoto, nayo ni moja. Ina miaka kumi na mitano na inaitwa Sundus. Ni binti wa Insaf na Abdultawabu. Amekaa pale karibu na mama yake, mikono imefunikwa kwa mtandio ili msione kwamba jana walianza kumpaka hina.

Harusi yake ni Alhamisi.

Tunafahamu sheria. Msajili hawezi kumwandika msichana kabla hajatimiza miaka kumi na minane. Kwa hiyo huwa hawamwandiki. Shekhe anasoma Fatiha nyumbani, watu wanakula, ngoma inapigwa, bibi harusi anakwenda, na serikali inajulishwa akishatimiza miaka, kwa kawaida akiwa na mtoto wa pili mgongoni. Kinachoifanya ndoa hiyo iwe ndoa ni watu kuiona. Kwa hiyo kila anayekuja na kula ni muhuri. Tumekuwa mihuri wengi wetu.

Insaf alijaribu. Alimngoja mumewe ashibe.

"Baba Sundus," alimwambia, "mtoto bado."

"Bado nini? Wewe ulikuwa na mingapi?"

"Kumi na minne."

"Ukafa?"

Insaf alisema, "Wewe si uliiona ya Badriya?"

"Nimeiona yote, na marudio yake. Ndiyo maana nimemchagua Radwani! Tatizo la Badriya lilikuwa nini? Mume. Yule alikuwa mnyama. Radwani hapigi hata nzi. Ana duka lake la vipuri, ana nyumba ya ghorofa, na yeye mwenyewe alilia kipindi cha mwisho, nilimwona kwa macho yangu. Mtu aliyemlilia Badriya atamwonea mwanangu?"

"Ana miaka thelathini na tisa."

"Ana akili."

"Baba Sundus, Badriya ni mimi."

Haya ndiyo maneno aliyoyasema, na hakuwahi kuyasema kabla. Abdultawabu akacheka, si kwa ubaya, kama mtu anayemcheka mtoto aliyevaa viatu vya baba yake. "Wewe? Badriya alikuwa mwanamke mpole. Anapigwa, ananyamaza. Wewe una ulimi kama panga la kukatia majani ya ng'ombe. Badriya angekuwa mke wangu nisingemwinulia mkono maisha."

Insaf akasema tena kwamba mtoto bado. Sahani ilivunjikia ukutani, juu kidogo ya kichwa chake. Kwa Abdultawabu hiyo si kupiga.

Mgeni rasmi, wewe ulionyesha bwana harusi mbaya, wanaume wetu wakajifunza kutafuta bwana harusi mzuri. Waliona kofi, hawakuona umri wa anayepigwa. Labda si kosa lako. Ulikuwa na miaka ishirini na tisa ukicheza mtoto, na mwanamke wa miaka ishirini na tisa akivaa shela anapendeza.

Hilo linatuleta kwenye lile gauni. Mlipoondoka mlimwachia mke wa Omda gauni la harusi la Badriya, iwe kumbukumbu. Halikukaa kabatini. Sasa wasichana wanaliazima kwa bahati njema, wanagombania hata zamu. Kila likiazimwa linapunguzwa kiuno na kukunjwa pindo, kwa kuwa wewe ulicheza mtoto lakini kiuno chako si cha mtoto. Kushona pindo hilo tunashona sisi. Jumatatu tulilishona la Sundus.

Alisimama juu ya kigoda, mdomo umejaa mbegu za tikiti, anatema maganda huku tunampimia. Akauliza, "Mama, eti baba anamjua Badriya?"

"Anamjua kuliko anavyotujua," Insaf akasema, pini zikiwa mdomoni.

"Ningekuwa ndani ya televisheni angenihurumia."

Mama Hasani alijifanya ameangusha uzi. Tumeonea wivu mambo mengi katika maisha yetu: mke wa Omda kwa mashine yake ya kufulia, dada wa vipodozi kwa viatu vyake, wewe kwa ile pamba. Lakini mtoto kumwonea wivu msichana ambaye hayupo, kwa ajili ya machozi ya baba yake mwenyewe, hilo hatukuwahi kuliona, na ndilo lililotufanya tuandike.

OMBI

Tulikuwa na maombi kadhaa. Feni ya chumba hiki. Choo chenye mlango. Tumeyafuta. Limebaki moja.

Tunajua kwamba ukitoka hapa umealikwa nyumbani kwa Abdultawabu, kwenye usiku wa hina ya binti yake. Hukuambiwa umri wake. Umeambiwa ni familia inayokupenda, na hilo ni kweli. Kiti chako kimeshapambwa kwa maua ya karatasi. Wapiga picha wameshaambiwa wasimame wapi. Ukikaa kwenye kiti kile, ukala kipande kimoja cha keki ya basbusa, ndoa ile itakuwa imefungwa kwa muhuri mkubwa kuliko wa shekhe. Kesho Radwani atabandika picha yako dukani, na msichana yeyote wa Kafr Sawaki atakayesema "sitaki" ataonyeshwa picha hiyo: "Hata Badriya mwenyewe alikuja."

Usiende.

Lakini kutokwenda hakutoshi. Ukikaa kimya watasema umeumwa kichwa, harusi itaendelea. Tunaomba useme, hapa, sasa, kabla ya kukata utepe, kamera zikiwa wazi na Abdultawabu akiwa mbele yako. Mwambie mtoto huyu asiolewe. Mwambie arudi shule. Si lazima uongeze lolote. Usitoe hotuba; hotuba tunazo.

Insaf amelisema jambo hilo hilo jikoni akavunjiwa sahani. Sisi tulikwenda kwa Abdultawabu watano, akatuuliza nani kaacha wanawake wamefunguliwa. Mama Hasani alimwendea Omda, akaambiwa ya ndani ya nyumba ni ya ndani ya nyumba. Sasa tunakupa wewe. Hatukupi kwa moyo mkunjufu. Tunakupa kwa kinyongo, kama mtu anayempa jirani mwanawe amnyonyeshe kwa kuwa ziwa lake limekauka. Mliyachukua maisha ya Insaf bila kuomba. Haya maneno yake tunakuletea wenyewe, kwa sababu yakitoka kwake ni kelele na yakitoka kwako ni machozi ya nchi nzima. Tungekuwa na sauti ya kusikika tusingekuita. Tungekutazama kwenye televisheni kama watu wengine, tukala mbegu zetu za tikiti.

Usiwe na hofu juu ya Insaf. Leo halali kwake. Atalala kwa Mama Hasani, na Sundus pia, na sisi wengine tutalala mlangoni, tumeleta turubai. Abdultawabu, ukija uje na chai.

Na wewe, Abdultawabu, hatukukuita mbwa. Ulilitamka mwenyewe neno hilo, mbele ya mashahidi, mkahawa umejaa. Tunakuomba tu umpe binti yako huruma ile ile uliyompa mtu asiyekujua jina.

Sitti Lamis, ukitukatalia hatutakuzomea. Tutakata utepe pamoja, utaondoka, tutarudi kwenye turubai tukijua kwamba hata wewe una mahali ambapo sauti yako inaishia. Pengine tutapungukiwa na wivu kidogo.

Lakini ukisema, utasikia kitu. Alhamisi tumeombwa twende kupiga vigelegele, na tumekataa. Tumevibana kifuani tangu Jumatatu. Vilikuwa vya Sundus anayeolewa. Sema neno lako, tuvipige hapa hapa, kwa Sundus anayerudi nyumbani na mama yake.

Mungu akuzidishie jina na akulinde na jicho baya, pamoja na letu. Ampe Insaf usingizi. Atupe sisi sote, wanawake wa nchi hii, angalau nusu ya masikio ya watu aliyokupa wewe.

Tunaketi. Kipaza sauti ni chako.

Ni sisi,
Wanawake Wachambua Vitunguu,
Kafr Sawaki.